Mpasheni Kwenye Seng'enge

2 Septemba
Mvua: hakuna.

Avis, mke wangu, ndiye aliyekuwa akipima mvua kila asubuhi na kuiandika humu. Sasa ni zamu yangu, ila mimi nina maneno mengi kuliko yeye.

Leo nimeung'oa mpasheni wake. Ulikufa Julai, kama mwenyewe, lakini nilijidanganya kwamba baridi imeulaza tu. Asubuhi nikakwangua shina kwa kisu, sikukuta ubichi wowote. Mpasheni huishi miaka saba, minane ukiutunza, na huu ulikuwa umekwisha kula chumvi yake. Nimeukata vipande na kuuburuta hadi nyuma ya tangi la maji.

Sasa seng'enge iko tupu. Kwa miaka minane sikuwahi kuuona uwanja wa jirani yetu, Una Petersen, na leo nilipoketi jikoni na chai nilimwona akianika mashuka, naye akaniona. Hakuna aliyemsalimia mwenzake. Yeye na Avis waligombana kwenye maonyesho ya kilimo. Keki ya Avis, yenye pasheni juu, ilipata nafasi ya kwanza, na Una akatamka mbele ya watu kwamba pasheni ile ni ya kopo. Hapa Nambarra unaweza kumwita mume wa mtu mwizi na bado mkaja kupatana. Ya kopo haisameheki. Mwaka uleule Avis akapanda mpasheni kwenye seng'enge yote, na mimi, kama mume, nikaacha kumsalimia Una. Hata siku ya mazishi ya Avis nilimwona amesimama ng'ambo ya barabara na koti jeusi, hakuingia kanisani. Niliona ni ufidhuli.

Robyn, binti yetu, amepiga simu kutoka Brisbane.

"Baba, weka uzio wa mabati. Mafundi wanakuja siku moja, wanamaliza, unapumzika."

"Nitapanda mpasheni mwingine. Ukishika, kiangazi kimoja tu unafunika kila kitu."

"Na usiposhika?"

Nikamwambia usiposhika hadi Novemba, alete mabati yake. Nilisema ili anyamaze.

5 Septemba
Mvua: hakuna. Upepo wa magharibi. Vumbi hadi kwenye sukari.

9 Septemba
Mvua: hakuna.

Nilikuwa natafuta mbaazi kwenye friza, nikakuta trei ya barafu iliyofungwa kwa mfuko. Avis alikuwa na desturi hiyo: pasheni zikizidi, anakamua ute wake kwenye trei, zigande, akae nazo hadi keki ya Krismasi. Hizi ni za mwezi Machi, mavuno ya mwisho ya mpasheni ule. Mbegu zake zote zimo.

Sikutaka mche wa dukani. Nilitaka mtoto wa uleule. Nikaacha vipande viyeyuke, nikaosha mbegu kwenye kichujio, nikazipanda kwenye makopo na kuyapanga dirishani kwenye jua. Kisha nikalamba kijiko. Ladha ilikuwa ileile, chachu kwanza, utamu baadaye. Nilikaa kwenye sakafu ya jikoni nikalia kwa sauti, mlango wazi. Nilipoinuka nilimwona Una kwenye kamba yake ya nguo, amenipa mgongo, anakunja shuka lilelile mara ya pili.

Nataka seng'enge ile ifunikwe. Mtu hawezi kulia mbele ya adui.

11 Septemba
Mvua: hakuna.

Nimefagia banda. Kreti la maziwa liko mahali pake. Zamani halikukaa humu hata kidogo, kila mara nililikuta kando ya seng'enge, limepinduliwa, karibu na tundu ambalo posamu, yule mnyama wa usiku, alikuwa akilitoboa kwenye majani. Tundu lenyewe lilinitoa jasho. Jumamosi nalifunga kwa kamba, Jumanne naenda kilabu kucheza tufe la kuviringisha kwenye nyasi, Jumatano nakuta limefunguka tena, duara kamili, kimo cha mtu aliyekaa. Posamu ni mnyama mkaidi. Nilimlaumu yeye kwa tundu, na Avis kwa kreti.

16 Septemba
Mvua: hakuna.

Nimekwenda kwa Trevor, mchinjaji, nikaomba ini la ng'ombe.

"Unapanda pasheni, Nev?"

"Nani kakwambia?"

"Wanaonunua ini zima ni wa aina mbili, wenye paka na wenye pasheni. Wewe huna paka."

Nimelifukia kando ya seng'enge, mahali shina la zamani lilipokuwa, ili ardhi iwe tayari miche ikitoka. Baba yangu alifanya hivyo, na baba yake. Hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini, ila sijaona mpasheni uliolalia ini ukakonda.

18 Septemba
Mvua: hakuna.

Una amesema nami. Alikuja hadi mlango wa mbele, akizunguka kwa barabarani, ana gazeti mikononi na ndani yake ini langu, limejaa mchanga na alama za meno.

"Neville. Hili ni lako?"

"Lilikuwa langu."

"Mbwa wangu amelileta kitandani. Kitandani kwangu, Neville."

Mbwa mwenyewe, mzee anayeitwa Bosi, alisimama nyuma yake akilamba midomo bila haya. Nikapokea gazeti. Nilitaka kusema asante, mdomo ukakataa. Una akatazama makopo yangu dirishani, akafungua kinywa kama anayetaka kuuliza jambo, akageuka akaenda zake.

30 Septemba
Mvua: hakuna. Makopo: hakuna.

8 Oktoba
Mvua: matone mawili, hayakulowesha kipimo. Makopo: hakuna.

Nimeyahamishia juu ya friji, penye joto. Mbegu ya pasheni ni mvivu, najua. Najua pia kwamba hata mvivu huwa anaamka.

15 Oktoba
Mvua: hakuna.

Leo sikuvumilia. Nimemwaga kopo la kwanza kwenye gazeti, nikatafuta mbegu kwa ncha ya kisu. Zilikuwa nyeusi na nzima kwa nje. Nikazibana kwa kidole, zikapasuka, ndani uji wa kijivu. Nikamwaga la pili na la tatu. Zote uji. Barafu iliziua tangu Machi. Mimi nilikuwa mkulima miaka hamsini, najua baridi inavyofanya mbegu yenye maji, na bado nilizipanda, nikazimwagilia, nikazungumza nazo asubuhi. Sikutaka kujua ninachokijua.

Basi, hakuna tena. Kile kilichobaki cha mikono yake kimeoza mikononi mwangu.

Nilitoka nje kutupa udongo. Una alikuwa kwenye kamba yake, vibanio vya nguo mdomoni, ananitazama.

"Unatazama nini?" nikamfokea. "Umeshinda! Umefurahi sasa?"

Akatoa vibanio mdomoni kimoja kimoja. Akaingia ndani akaacha nusu ya nguo kwenye beseni.

Nimempigia Robyn. Nimemwambia alete mabati.

16 Oktoba
Mvua: hakuna. Nguo za Una bado ziko kwenye beseni.

4 Novemba
Mvua: hakuna.

Siku ya mbio kubwa za farasi. Mji wote ulikuwa kilabuni, wanawake na kofia zao, redio juu kabisa. Farasi wangu bado anakimbia hadi sasa. Nikasimulia kisa cha ini, jinsi Bosi alivyolipandisha kitandani kwa bibi yake, nikaongeza chumvi na pilipili, watu wakacheka hadi Trevor akamwaga bia. Kisha kicheko kikakatika mezani. Una alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake ya bluu. Alinunua soda, akainywa yote taratibu akiwa amesimama peke yake, akaondoka. Hakuna aliyemwita akae.

Avis angenikanyaga mguu chini ya meza.

9 Novemba
Mvua: hakuna. Mawingu jioni, yakapita kwenda kwa wengine.

12 Novemba
Mvua: hakuna.

Niandike taratibu.

Mafundi wa mabati wamekuja kupima, wawili. Walisema lazima nyasi zisafishwe pande zote za seng'enge ili wachimbe nguzo, na mmoja akazunguka kwa barabarani na mashine ya kufyekea. Mara nikasikia mashine imezimwa na sauti ya Una iko juu.

"Hapa hukati."

"Mama, mimi nimetumwa na mzee wa upande ule."

"Na nyasi ni za upande huu."

Alikuwa amesimama mbele ya mashine na ufagio mkononi, kimo chake hakimfikii fundi kifuani. Nikaenda hadi seng'enge.

"Una, mwache mtu afanye kazi yake."

"Neville Quirk! Miaka minane hujanisemesha. Ukaanza kwa kunifokea kwenye kamba yangu mwenyewe, ukanifanya kichekesho cha kilabu, na sasa unaniamrisha uani kwangu. Njoo uone kwanza. Ukishaona, ukate kwa mkono wako."

Nikazunguka. Uwanja wa Una umenyolewa safi, isipokuwa kipande kimoja kando ya seng'enge, mkabala na tundu la zamani. Pale nyasi zilifika magotini. Una akazitenga kwa mpini wa ufagio. Ndani yake, imeshikana vikono kama watoto wanaovuka barabara, kulikuwa na miche ya pasheni. Majani yenye vidole vitatu, yanayong'aa. Vikono vya kijani kibichi, si vyekundu kama vya pasheni za njano. Jani lile nimeliona jikoni kwangu kila asubuhi kwa miaka minane.

"Umeitoa wapi?"

"Sikuitoa popote. Imeota. Ni mate ya mkeo."

"Mate?"

"Mbegu alizokuwa anatema. Tulikuwa tunakula pasheni hapa, yeye upande wako kwenye kreti, mimi huku kwenye ndoo. Anatema kupitia tunduni. Alikuwa na shabaha, Avis. Kila mwaka mbegu huota, na mimi hupitisha mashine ya nyasi juu yake. Mwaka huu sikuweza."

Miaka arobaini na sita ya ndoa, Avis hakuwahi kutema kitu mbele yangu. Nikamwambia Una anadanganya. Nikamwambia mke wangu alimchukia.

"Kaa," akasema, akaniletea ndoo. Fundi akaenda kuvuta sigara kwenye gari.

Akaniambia. Mumewe Gordon, aliyekuwa mwenyekiti wa maonyesho miaka yote ile, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, alianza kupotea akili. Alikuwa anatoka uani uchi. Siku nyingine hakumtambua Una, akampiga akidhani ni mwizi. Kutoka jikoni kwetu yote yalionekana.

"Avis aliona kabla wewe hujaona," Una akasema. "Akaja na mkate, akanikuta na jicho limevimba. Nikamwapisha asimwambie mtu. Gordon alikuwa na heshima yake, Nev, ndiyo pekee iliyokuwa imebaki. Akasema atapanda kitu kwenye seng'enge. Nikamwambia watu watauliza mnaficha nini. Akafikiri, akasema, basi tugombane."

"Ile keki..."

"Ni yeye aliyenifundisha la kusema. 'Sema ni ya kopo. Nev ataamini hujamaliza kusema, na mji mzima utajua kabla ya chai ya jioni.'"

"Angeniambia mimi!"

"Wewe? Nisamehe, lakini ulimi wako hauna mfupa. Kisa cha ini nimekisikia posta, kwenye duka la mkate na kanisani, siku moja."

Nikauliza lililonijia kwanza. "Na posamu?"

"Posamu gani?"

"Anayefungua tundu."

Una akanitazama, kisha akafunika uso kwa aproni, mabega yakatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kisha akawa analia kweli. "Alikuwa anafungua kamba zako kila Jumanne, ukishatoka kwenda kwenye tufe. 'Mkulima wangu kafunga tena,' anasema. Siku Gordon alipokufa, mikate yote ya mayai ya msibani alipika yeye, akanipitishia hapa, trei baada ya trei."

Nakumbuka siku ile. Nyumba ilinukia mayai, akaniambia ni ya akina mama wa kanisa. Nikala mmoja akanipiga mkono.

"Gordon amekufa miaka mitatu. Mbona hamkuacha?"

"Tulizoea. Umri wetu huu, mtu ana vitu vingapi ambavyo ni vyake peke yake?"

"Na mazishi. Ulisimama nje."

"Ningeingia, ungefanya nini?"

Ningemtoa. Nilimwambia hivyo, kwamba ningemtoa. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejua bei kabla ya kuuliza.

Niliwaambia mafundi waende. Walinuna, wana haki.

13 Novemba
Mvua: hakuna.

Lisemwalo lipo, wanasema. Hili lilisemwa miaka minane na halikuwepo.

14 Novemba
Mvua: hakuna.

Nina hasira na Avis. Niandike tu. Alinidanganya kila Jumanne, akanipikia chai Jumanne jioni na uso wake uleule. Aliniacha nimnunie mwanamke anayeuguza mwendawazimu peke yake. Mimi ningesaidia. Ningembeba Gordon, ningemwogesha, nimeshika ndama wazito kuliko yeye.

Halafu ningesimulia. Ndiyo. Wakati fulani, kwa nia njema, baada ya bia ya pili.

15 Novemba
Mvua: hakuna.

Nimetoa kreti bandani. Ukingo wake mmoja umelainika kwa kukaliwa. Nimelipeleka kwenye seng'enge, nikalipindua, nikakaa. Kutoka pale, majani yakiwepo, usingeona uwanja wa Una wala nyumba yake. Ungeona uso wa mtu aliyekaa kwenye ndoo, basi. Nilikaa hadi jua likanichoma shingo. Hasira haikuisha, ila ilipoa kiasi cha kushikika.

Robyn kwenye simu: "Baba, umewafukuza mafundi?"

"Mpasheni umeota."

"Wapi?"

"Kwa Una."

"Una yule?" akasema. Nikamwambia ndiyo, Una yule, na nikabana ulimi. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kumkamua ng'ombe wangu wa kwanza.

17 Novemba
Mvua: hakuna.

Nilikwenda na sepetu na ndoo kuhamisha miche. Una akanizuia.

"Ukiing'oa sasa utaifanya ife. Mizizi yake haitaki kusumbuliwa."

Ni kweli, nami najua. Lakini nilitaka mizizi iwe kwangu. Nilisimama na sepetu yangu kama mtu aliyekuja kudai mwili wa ndugu yake. Kisha nikaona kwamba Avis alizitemea mbegu upande ule, hakuzitemea huku. Nikaweka sepetu chini.

Nikarudi kwa Trevor. "Ini jingine? La kwanza lilikwenda wapi?" akauliza, na macho yake yanangoja hadithi. Nikasema, "Liliharibika." Alisikitika kweli.

Tumelifukia upande wa Una, chini, na jiwe juu. Bosi alifungwa kwenye mti wa limau, akalia mchana kutwa kama aliyefiwa.

24 Novemba
Mvua: milimita ishirini na mbili! Radi tangu saa tisa alasiri. Nilisimama nje nikalowa, Una naye kwake akalowa, tukatazamana kupitia seng'enge kama ng'ombe wawili.

2 Desemba
Mvua: milimita tisa.

Mche mkubwa umepita kiuno. Unataka kufungwa ili upande sawasawa. Kamba hukata shina changa, kila mtu hapa hutumia soksi ndefu za wanawake zilizochoka. Nimefungua droo ya Avis kwa mara ya kwanza. Nilichukua jozi moja, nikafunga droo, nikafungua tena nikachukua na nyingine. Nimekata vitambaa jikoni. Una akafunga upande wake, mimi wangu, vidole vyetu vikigongana kwenye waya.

11 Desemba
Mvua: milimita thelathini na moja. Umefika waya wa juu.

16 Desemba
Mvua: milimita nne.

Kilabuni wameuliza kwa nini sikuleta mabati. Trevor akasema ameniona na Una kwenye seng'enge, je, tumepatana? Meza nzima ikageuka. Nilikuwa na hadithi nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, imekaa kwenye ncha ya ulimi.

"Tupatane?" nikasema. "Baada ya ile ya kopo?"

Wakacheka, wakarudi kwenye tufe. Nimerudi nyumbani mapema.

23 Desemba
Mvua: milimita kumi na nane, asubuhi.

Jumanne. Sikwenda kilabu. Seng'enge imefunikwa, majani juu ya majani, kamba ya nguo ya Una haionekani tena. Hivi ndivyo nilivyotaka tangu Septemba. Nilisimama mbele yake nikaona giza.

Nikatoa kreti, nikakaa. Nikatenga majani kwa mikono, taratibu, nisivunje kikono. Upande wa pili Una alikuwa ameshakaa kwenye ndoo, sahani magotini.

"Nilidhani umekwenda kwenye tufe," akasema.

"Nimechoka na tufe."

Akapitisha kipande cha keki. Juu yake pasheni, inang'aa. Nikauma, nikamtazama. Mpasheni wetu hautazaa hadi mwakani.

"Ya kopo," akasema Una, uso mkavu.

Nilicheka hadi nikashindwa kumeza, kisha sikuwa nacheka tena, na sikuficha uso. Yeye hakugeuka safari hii. Alipoona nimetulia akasema, "Aliniambia siku moja, Nev akijua kuhusu tundu hili, atalifunga kwa zege."

"Alinijua."

"Si sana," akasema Una.

Nikatoa mfukoni kipande cha mwisho cha soksi ya Avis. Nikayavuta majani pembeni, nikayafunga kwenye waya kwa fundo langu lilelile, ili tundu libaki wazi.